Jinsi ya kuunganisha kipakatalishi na projekta bila fedheha ukumbini

UKUMBI umejaa. Mtafiti amesimama mbele ya jopo linalotahini tasnifu yake, au mwalimu yuko mbele ya darasa na kipindi chake ni cha dakika 40 pekee. Anachomeka kebo, anabonyeza hapa na pale, lakini ukuta unabaki na rangi ya samawati na maandishi yanayoarifu kwamba hakuna ishara. Dakika kumi zinapotea, na pamoja nazo utulivu wa msemaji na subira ya wasikilizaji.

Aghalabu lawama hutupiwa projekta, ilhali mara nyingi kifaa hicho hakina kasoro yoyote. Tatizo huwa ni mojawapo ya mambo matatu: kebo haiafikiani na matundu ya mitambo yenyewe, projekta inasubiri picha kutoka tundu jingine, au kipakatalishi hakijaamriwa kutoa picha nje. Anayeyakagua mambo haya kwa mpangilio huo hatahitaji kumtafuta fundi.

Maarifa haya si ya wasomi wa vyuo vikuu pekee. Mpango wa Serikali wa kusambaza vifaa vya dijitali katika shule za msingi za umma, ulioanza 2016, ulijumuisha vipakatalishi vya walimu na projekta. Makanisa, vyama vya ushirika na makundi ya akina mama nayo hutumia vifaa hivi mikutanoni.

Itambue kebo yako

Tundu kongwe ambalo bado linapatikana ni VGA, lililoletwa na kampuni ya IBM mnamo 1987. Lina vishimo 15 katika safu tatu, aghalabu huwa la rangi ya samawati, na kebo yake hufungwa kwa skrubu mbili. VGA hupitisha picha tu, wala haipitishi sauti.

Tundu la HDMI, ambalo vipimo vyake vya kwanza vilitolewa Desemba 2002, ni jembamba na halina skrubu. Hilo hupitisha picha na sauti kwa kebo moja.

Mnamo Desemba 2010, kampuni kadhaa zikiwemo Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG zilitangaza nia ya kuachana na VGA hatua kwa hatua. Ndiyo maana vipakatalishi vingi vya miaka ya karibuni havina tundu hilo, ilhali projekta nyingi za zamani bado zinalitegemea.

Pengo hilo huzibwa kwa adapta. Hata hivyo, mnunuzi awe mwangalifu. Adapta ya kutoka HDMI hadi VGA si waya mtupu. Ndani yake mna sakiti inayogeuza ishara za dijitali kuwa za analogi. Kwa sababu hiyo, adapta iliyoundwa kugeuza HDMI kuwa VGA haiwezi kufanya kazi kinyume chake.

Aidha, baadhi ya vipakatalishi vyembamba vina matundu ya USB-C pekee. Si kila tundu la umbo hilo hutoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha data tu. Soma maelezo ya mashine yako kabla ya kutumia pesa zako dukani.

Hatua za kufuata

Kwanza, washa projekta na usubiri taa yake ing'ae. Pili, chomeka kebo pande zote mbili. Iwapo ni ya VGA, usiilazimishe, maana pini zake hupinda kwa urahisi. Kaza skrubu kwa vidole.

Tatu, bonyeza kibonye chenye neno "Source" au "Input" kwenye projekta au rimoti yake, hadi jina la tundu ulilotumia litokee. Hatua hii ndiyo husahaulika zaidi.

Nne, kiamuru kipakatalishi kitoe picha. Kwa mashine zenye Windows 7 na matoleo yaliyofuata, shikilia kibonye chenye nembo ya Windows kisha ubonyeze herufi P. Kwa mashine kongwe zaidi, shikilia Fn pamoja na kibonye cha safu ya juu kilichochorwa skrini. Wenye kompyuta za Apple watapata mpangilio huo katika sehemu ya "Displays".

Hapo utapewa njia kadhaa. "Duplicate" huonyesha kitu kile kile kwenye kipakatalishi na ukutani, na ndiyo inayomfaa anayeanza. "Extend" huufanya ukuta kuwa mwendelezo wa skrini yako. Huo ndio mtego wa wengi: msemaji huona slaidi zake mbele yake, ilhali hadhira inatazama mandhari matupu ya kompyuta. Hata hivyo, njia hiyo humfaa mzoefu anayetaka kusoma vidokezo vyake bila kuonwa na wengine.

Dalili na tiba yake

Picha ikigeuka ya waridi, manjano au samawati kwenye VGA, kebo imelegea. Rangi nyekundu, kijani na samawati hupita katika pini tofauti, hivyo pini moja isipogusa, rangi moja hupotea.

Projekta ikidai kwamba ishara imepita kiwango chake, punguza vipimo vya picha katika mipangilio ya kompyuta. Projekta nyingi za zamani zina vipimo halisi vya 1024 kwa 768.

Sauti nayo huwashangaza wengi. Ukitumia HDMI, kompyuta inaweza kuipeleka kwenye projekta, ambayo huenda ina spika dhaifu au haina kabisa. Fungua mipangilio ya sauti uchague spika unazozitaka. Ukitumia VGA, utahitaji waya mwingine wa sauti.

Fauka ya hayo, zima mpangilio unaoilaza kompyuta isipoguswa, na ufunge barua pepe na jumbe za kibinafsi. Kila kitakachochomoza kwenye skrini yako kitasomwa na ukumbi mzima.

Umeme na taa

Kipakatalishi kina betri, lakini projekta nyingi hazina. Umeme ukikatika, maelezo yako yatabaki mikononi mwako huku ukuta ukiwa mtupu. Beba nakala ya slaidi katika kisakuku cha USB, na nyingine iliyochapishwa kwenye karatasi.

Ukimaliza, zima projekta kwa kibonye chake na uiache feni izunguke hadi isimame yenyewe kabla ya kuchomoa waya. Taa za kawaida hupata joto kali, na kuzinyima hewa ghafla hufupisha maisha yake.

Waama, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fika nusu saa kabla ya wageni, unganisha kila kitu, kisha uipitie slaidi ya kwanza hadi ya mwisho ukiwa umesimama nyuma kabisa ya ukumbi. Ikiwa wewe mwenyewe huwezi kuyasoma maandishi yako kutoka hapo, wengine hawataweza, hata kama kebo zote ziko sawa.