MKUKI WA OTENYO NA MKUKI WA USAMA



Mtoto akipigwa na wenzake akarudi nyumbani analia, mara nyingi huambiwa, "Rudi ukapigane, wewe si mwanamume?" Sisi tunacheka tu. Lakini neno kama hilo halipotei. Linakua pamoja na mtoto.

Tuanze hapa kwetu Kisii. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliingia nchi hii, likaua watu na kuchukua ng'ombe. Mama mmoja wa Kitutu, Moraa, aliyesifika kwa utabiri, alikataa kabisa utawala ule. Wazee wanasimulia kuwa yeye ndiye aliyemlea Otenyo na kumtia ari. Zama hizo vijana wa Kisii walikaa kwenye ebisarate, yaani kambi za kulinda mifugo, na huko walijifunza kutokimbia adui.

Januari 1908 Otenyo akamchoma mkuki afisa wa serikali, Northcote. Afisa yule alipona, na baadaye akawa Gavana wa Hong Kong (1937-1941). Waliolipa ni wanavijiji. Nyumba zilichomwa na watu zaidi ya 100 wakauawa, hata Winston Churchill, aliyekuwa Wizara ya Makoloni kule London, akauliza kwa nini wasio na uwezo wa kujikinga wauawe kwa wingi hivyo. Otenyo naye akakamatwa na kuuawa.

Simlaumu Otenyo. Alivamiwa kwao, akasimama. Malezi yalimpa moyo, na moyo ni neema. Lakini je, moyo huo ukipewa kijana asiyefundishwa mipaka?

Usama bin Zayd (RA) naye alikulia mikononi mwa Mtume (SAW). Siku ya Uhud alirudishwa kwa sababu ya udogo wake, jinsi alivyokuwa na hamu ya vita. Alipokua, katika msafara mmoja alimfukuza adui, yule mtu akatamka shahada. Mwenzake Ansari akauzuia mkono wake, Usama akamchoma mkuki. Mtume (SAW) hakumsifu. Alimkemea, akarudia swali lile lile hadi Usama akatamani angekuwa amesilimu siku ile tu. Funzo lile lilimkaa. Mwaka wa 11 Hijria, hajafika hata miaka 20 au ndiyo kwanza anaifikia, alikabidhiwa jeshi zima. Na fitna ilipozuka baina ya Waislamu, Usama alikataa kabisa kunyanyua upanga.

Ndugu zangu, mwaka 2008, miaka 100 baada ya Otenyo, vijana walisimama tena na mishale mpakani, kule Chebilat. Safari hii si kwa mkoloni, bali jirani kwa jirani. Ujasiri ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu aliyewakemea mapema, wakiwa wadogo.

Ndiyo maana tusiidharau saumu ya nusu siku ya mtoto. Chakula kiko mbele yake, hakuna anayemwona, na anauzuia mkono. Akichokozwa, mfundishe aseme, "Nimefunga." Samaki mkunje angali mbichi. Mkono uliojizuia kwenye sahani ya wali leo, inshaallah utajizuia kwenye damu ya mtu kesho.

Allah atulelee watoto wetu, awape ushujaa wa Usama na toba yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.