Tofali Lenye Jina: Deni Letu kwa Wapagazi wa Vita

Katika nchi kadhaa, Marekani ikiwamo, miji huwaenzi wanajeshi wake wa zamani kwa matofali yaliyochongwa majina: mtu mmoja, tofali moja. Njia hiyo haina gharama kubwa, lakini ina sharti gumu, nalo ni kwamba jina lijulikane. Ukilipima sharti hilo kwa historia ya Tabora, unakutana na deni lenye umri wa zaidi ya miaka 100.

Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa kitovu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wanyamwezi waliitembea njia hiyo wakiwa na mizigo ya karibu kilo 30 mabegani. Kwao upagazi haukuwa fedheha. Kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili, na jina lake lilijulikana kijijini.

Vita Kuu ya Kwanza iliigeuza heshima hiyo kuwa shuruti. Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao Tabora, na mwaka 1916 wakafua huko sarafu za dharura, ikiwamo ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Tarehe 19 Septemba mwaka huo, majeshi ya Kibelgiji chini ya Charles Tombeur yaliingia mjini. Baadaye Tombeur alitunukiwa ubaroni wenye jina la Tabora. Tembo alichongwa katika dhahabu na jenerali akajitwalia jina la mji. Mpagazi aliyebeba unga na risasi za pande zote hakuchongwa popote.

Kwa upande wa Waingereza pekee, hesabu rasmi zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 95,000, na wengi wao waliuawa na maradhi na lishe duni kuliko risasi. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka wapagazi kwa maneno mazuri, lakini kwa jumla tu. Wakubwa wa wakati ule waliamua kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi porini. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Wapo watakaohoji: kwa nini tuwaenzi waliotumikia vita vya wakoloni? Swali ni la haki. Hata hivyo, wengi wa watu hawa walikamatwa vijijini mwao, hawakuichagua bendera. Kuwataja si kuitukuza vita iliyowaua, ni kukataa uamuzi wa mkoloni kwamba maisha yao hayakustahili kuandikwa. Tukinyamaza, tunauidhinisha uamuzi ule sisi wenyewe, tukiwa huru.

Nasi tunajua kuenzi. Kila tarehe 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa, na huko Kaboya, mkoani Kagera, wamelala askari wetu wa vita vya 1978 na 1979. Jamhuri iliyowatunza hao inaweza kuwatafuta na wale waliotangulia.

Kwa hiyo kazi isianze kwa fundi wa matofali, ianze kwa karani. Wanafunzi wa historia wakusanye masimulizi ya koo kabla wazee hawajatutoka. Maofisa utamaduni wa wilaya wafungue daftari la majina, na wanaharakati wadai nakala za nyaraka zilizoko London, Brussels na Berlin. Jina likithibitishwa, lichongwe kwenye tofali, nalo liwekwe kandokando ya njia ya zamani ya misafara. Pale ambapo jina limepotea kabisa, tofali liwekwe tupu, ili anayepita aone ukubwa wa kilichofutwa.