Jina Mwenda: toka Usumbwa mpaka Bunkeya

Mtu akijiita Mwenda huku Katanga, tunamuuliza: wa Bunkeya? Jina hilo lilikuja kwa miguu. Mwenda Ngelengwa, ile bazee wanamwita M'siri, alitoka Usumbwa, ngambo ya Ziwa Tanganyika, katika miaka ya 1850, akifuata biashara ya shaba ya baba yake Kalasa. Akajenga Bunkeya, akapigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Jina halikuzikwa naye: mwana wake Mukanda-Bantu alilichukua pamoja na kiti, na warithi wakaendelea, mpaka Godefroid Munongo, yule wa serikali ya Katanga.

Lakini si kila Mwenda ni wa kiti. Jean-Bosco, mupiga gitaa wa Masanga, tunamjua kama Mwenda wa Bayeke. Hiyo inasema kabila lake, haisemi ufalme. Kule Meru, Kenya, wako Mwenda wengi, kumbe si ndugu zetu. Zamani mutoto alipewa jina ya nkambo ama ya kisa cha kuzaliwa, si lazima ya baba. Kwa hiyo mwenye kudai shamba ya ukoo kwa karte peke yake, tumuulize kwanza nkambo zake ni banani.