Chini ya Rangi ya Nganya Kuna Lori

Wasee, leo tuongee kuhusu mathree, lakini tuache kwanza mambo ya mziki, skrini na graffiti. Nataka tuangalie mifupa.

Simama stage ya Kisii mjini uangalie zile minibasi za watu 33 zikipakia. Nyingi zimejengwa juu ya chesisi ya lori, na Isuzu NQR ndiyo mnayoijua zaidi. Chesisi ikitoka kiwandani ina injini, magurudumu na usukani, basi. Inaendeshwa hivyo ikiwa uchi hadi kwa mjenzi wa bodi. Huko fundi anachomelea fremu ya vyuma vya mraba, anaivika mabati, anaweka fiberglasi mbele na nyuma, anatandika plaiwudi chini, kisha anafunga siti kwa bolti. Rangi huja mwisho, na ndiyo peke yake tunayoshangilia.

Kugeuza gari la mzigo kuwa la watu hakukuanza juzi. Miaka ya 60 matatu za kwanza Nairobi zilikuwa magari makuukuu, na nauli ilikuwa sarafu tatu za senti 10. Jina lilitoka hapo, kwa neno la Kikuyu la tatu. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalum, na biashara ikalipuka. Pickup ilifungwa paa nyuma, ikatiwa mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana, safari ikaanza. Swali lilikuwa moja tu: wataingia wangapi?

Halafu zikaja Nissan, zikibeba watu 18. Februari 2004 sheria za waziri John Michuki zikawapunguza hadi 14, zikaleta mikanda, mstari wa njano na kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Poa sana. Lakini hizo zilikuwa sheria za siti na mwendo. Swali la paa likabaki.

Likajibiwa vibaya tarehe 29 Agosti 2013 pale Ntulele, Narok, barabara ile ile sisi watu wa Gusii tunapitia tukienda Nairobi. Basi la kwenda Homa Bay lilibingirika, paa likang'oka, watu 41 wakafa. Tarehe 10 Oktoba 2018, Fort Ternan, Kericho: basi lingine, paa tena, zaidi ya watu 50.

Na katikati ya hizo ajali mbili tulikuwa tayari na kiwango cha Kenya cha ujenzi wa bodi za abiria, KS 372 ya 2014. Kuna pia kanuni ya Umoja wa Mataifa, namba 66. Kipimo chake ni rahisi kuelewa: basi linapinduliwa kutoka kwa jukwaa hadi chini milimita 800. Nguzo zinaweza kupinda, lakini hazifai kuingia mahali abiria ameketi. Yaani hata basi likianguka, nafasi yako ya kuishi ibaki.

Kuna wenye watasema shida ni fundi wa hapa. Mimi sikubali. Fundi anajua chuma kizito na chuma chepesi. Anayelipa ndiye anachagua, na anayelipa anatuangalia sisi. Tukishangilia spika, pesa inaenda kwa spika.

Huku kwetu historia imerudi ikiitwa Probox. Toyota walitoa hilo gari 2002 likiwa la kubeba mizigo ya biashara, na lina siti za watu watano, dere akiwemo. Sasa panda moja kutoka Keroka kwenda Nyamira jioni. Mimi nimeketi kwa buti mara nyingi, magoti kwa kidevu, hakuna siti, hakuna mkanda, na nauli nimelipa sawa na aliyeketi mbele. Ni lile benchi la pickup, limebadilisha jina tu.

Kwa hivyo nganya mpya ikizinduliwa, kabla hujaweka moto kwa comments, uliza: fremu ni ya chuma gani? Siti zimefungwa kwa chuma ama kwa plaiwudi? Mlango wa dharura unafunguka? Wakikosa jibu, hiyo rangi usiipigie makofi.