Kutoka Polio hadi Mtindio wa Ubongo: Safari ya Tiba ya Watoto hadi Voi

Uhusiano kati ya uzazi mgumu na ukakamavu wa viungo vya mtoto ulielezwa mwaka 1861 na William John Little, daktari wa London, na mwaka 1907 Ernest Dupré wa Ufaransa akafungua mjadala wa saikomota, yaani mwendo wa mwili usiotenganishwa na ukuaji wa akili na hisia. Ufaransa iliufanya uwanja huo kuwa taaluma kamili, lakini Kenya ilirithi mgawanyo wa Waingereza, ambamo fiziotherapia hushughulikia misuli na maungo, nayo tiba ya kazi humzoeza mtoto kula, kuvaa na kucheza.

Mgawanyo huo ulikua nchini polio ikiwa bado inalemaza watoto: Chama cha Walemavu wa Viungo kiliundwa mwaka 1958, Jeshi la Wokovu likafungua shule ya Joytown mjini Thika mwaka 1962, na mafunzo ya tiba ya kazi yakaanza Nairobi mwaka 1968. Mpango wa taifa wa chanjo wa mwaka 1980 ulipoidhoofisha polio, ulijitokeza zaidi mtindio wa ubongo, ambao ni jeraha la ubongo unaokua linalovuruga misuli, na ambao huweza kuletwa na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa kichanga au homa ya uti wa mgongo. Vyuma vya miguu vya enzi ya polio havikutosha peke yake kwa jeraha hilo, kwa kuwa linadai mazoezi ya miaka mingi yanayorudiwa kila siku.

Kwa kaunti ya Taita Taveta, hitaji hilo la kila siku ndilo zito kuliko yote. Mombasa, ambako Chama cha Walemavu wa Viungo kilianzisha karakana za Bombolulu mwaka 1969, iko kilomita zipatazo 150 kutoka Voi, mji wa kaunti hiyo, na mama wa mlima wa Sagalla hana budi kwanza kushuka mlima akiwa amembeba mgongoni mtoto ambaye huenda hajakaza shingo. Vituo vya kupima mahitaji ya elimu ya watoto wenye ulemavu, vilivyoanza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, vilisaidia kuwatambua waliokuwa wamefichwa majumbani, na tangu 2013 hospitali ya Moi mjini Voi iko chini ya kaunti.

Hata hivyo, mtaalamu humwona mtoto kwa muda mfupi tu, ilhali mama au nyanya ndiye amlishaye, akimketisha wima na kukiinamisha kichwa mbele kidogo ili uji usiingie njia ya hewa. Fedha za kaunti zingefaa kumpandisha mtaalamu milimani kwa walezi hao kabla ya kununua mashine zitakazobaki Voi.