Nairobi hadi Mombasa: Ni Kilomita Ngapi na Ndege Inachukua Muda Gani?

Jibu la haraka kwanza. Kutoka JKIA hadi uwanja wa Moi, Mombasa, ndege inakata takriban kilomita 420. Kwa barabara ni kama kilomita 485. Hewani utakaa dakika 45 hivi, lakini tiketi itakuandikia karibu saa moja, kwa sababu wanahesabu pia ule muda ndege inatambaa uwanjani.

Sasa msee, usipange safari na hiyo saa moja pekee. Utachomeka.

Piga hesabu ya mlango hadi mlango

Ndege: saa moja kufika JKIA jam ikikuhurumia, saa moja na nusu ya ukaguzi na kungoja, saa moja ya safari, nusu saa ya kutoka na mabegi, na nusu saa nyingine hadi tao, kwa sababu uwanja uko Changamwe, nje ya kisiwa. Jumla: masaa manne na nusu.

Treni ya SGR: safari yenyewe ni masaa matano hadi sita. Ongeza kufika Syokimau mapema, halafu kutoka Miritini hadi tao. Jumla inakaribia masaa manane. Economy ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024.

Basi: masaa manane hadi kumi, na malori ya Mariakani yakikataa kusonga, ongeza. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi unapandia tao na kushukia tao.

Kwa hivyo ndege inaokoa masaa kama matatu na nusu ukilinganisha na treni. Si mchezo, lakini si yale matano unayodhania.

Uchague gani?

Usiulize "ipi ina speed?" Uliza "nafaa kufika saa ngapi?"

Kama una intavyu Mombasa saa nne asubuhi, treni ya usiku inatoka Nairobi saa nne usiku na kukufikisha kabla kupambazuke. Utakuwa na muda wa kuoga na kunywa chai, na doh inabaki mfukoni. Ndege ya asubuhi ikichelewa masaa mawili, hiyo kazi imeenda.

Lakini ukipigiwa simu saa tatu asubuhi kwamba mzazi amelazwa, hapo ndege haina mpinzani. Ukipata kiti cha mchana, jioni uko kando ya kitanda.

Unaelekea Diani? Kutoka uwanjani, muulize dereva kama atapitia Dongo Kundu, ndio usisote kwa foleni ya feri ya Likoni.

Cha mwisho: tiketi ya ndege ya dakika za mwisho huwa moto. Kama tarehe unaijua, book mapema, na uangalie ratiba tena siku moja kabla ya kutoka.