Watoto Waliohesabiwa: Ahadi ya Uingereza ya Mwaka 1999



Wapendwa waamini, kuwahesabu maskini si kazi ya karani peke yake. Ni kukiri kwamba wapo. Mwaka 1899 Seebohm Rowntree, Mkristo wa dhehebu la Quaker, aliagiza uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika mji wa York, Uingereza. Kitabu chake cha mwaka 1901 kilionyesha kwamba zaidi ya robo ya wakazi walikuwa maskini, na kwamba chanzo kikubwa hakikuwa uvivu bali ujira mdogo.

Karne moja baadaye, tarehe 18 Machi 1999, Waziri Mkuu Tony Blair aliahidi kuufuta umaskini wa watoto katika muda wa kizazi kimoja. Ahadi hiyo ilihitaji kipimo. Kaya zote zikipangwa kwa kipato, mtoto alihesabiwa kuwa maskini ikiwa kaya yake ilipata chini ya asilimia 60 ya kipato cha kaya iliyo katikati kabisa. Mwaka 1998/99 watoto wa namna hiyo walikuwa milioni 3.4. Serikali ikaongeza ruzuku kwa wazazi wenye kipato kidogo, na kufikia 2010/11 idadi ilishuka hadi milioni 2.3. Lengo la kuipunguza kwa nusu halikufikiwa, lakini watoto milioni 1.1 si haba.

Kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 kipato cha kati kilishuka, na mstari wa umaskini ukashuka nacho. Baadhi ya watoto walitoka katika orodha ilhali chakula mezani hakikuongezeka. Kasoro hiyo ikawa hoja ya serikali iliyofuata. Mwaka 2016 malengo yaliyowekwa na sheria ya 2010 yalifutwa, na badala ya kipato zikapendekezwa ripoti za wazazi wasio na kazi na za matokeo ya shule. Ndipo Paul Butler, Askofu wa Kianglikana wa Durham, alipotetea katika Baraza la Malodi kwamba kipato kiendelee kuhesabiwa. Wajumbe walio wengi walimwunga mkono, na serikali ikakubali takwimu hizo zichapishwe kila mwaka.

Hesabu hiyo ilizaa matunda. Kuanzia Aprili 2017 ruzuku kwa kaya nyingi iliishia kwa watoto wawili, na takwimu zikafichua umaskini ukizidi katika kaya zenye watoto watatu na zaidi. Novemba 2025 serikali ilitangaza kuuondoa ukomo huo kuanzia Aprili 2026.

Wapendwa, takwimu haimshibishi mtoto. Lakini mtoto asiyehesabiwa husahauliwa bila mtu kuona haya. Nasi katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunawajua waliolipa zaka na wasiolipa. Je, tunawajua watoto wanaolala na njaa? Tuanze kuwahesabu wiki hii, kwa majina yao, mbele za Mungu asiyemsahau hata mmoja wao.